Sikio Langu na Shilingi za Simba

Kwa habari ya fedha, hakuna tena cha kunishangaza. Niwekee mezani sarafu yoyote, ya Mjerumani au ya Mwingereza, nami nitakupa jibu kabla hujavuta kiti. Sijisifu, wanaolijua duka langu la Miembeni, hapa Bukoba, wanajua. Na ujuzi huu sikuupata kwa mwalimu. Niliupata jikoni kwa bibi yangu, upande wa Muleba, enzi zile sisi tunaoota mvi leo tulipokuwa tukitembea na shuka moja, fundo shingoni.

Wa rika langu mnazikumbuka nyumba za msonge, nyasi mbichi zimetandazwa chini, moshi unauma macho, ndizi zinachemka zimefunikwa majani. Bibi alikuwa na chungu kidogo cha rupia za Mjerumani, amekifukia nyuma ya mafiga. Mvua ikitunyima kucheza nje alikifukua, akaniita, "Mume wangu, njoo usikilize." Aliiweka rupia juu ya ncha ya kidole akaigonga kwa nyingine. Ya kweli ililia sauti nyembamba, ndefu, kama haitaki kunyamaza. Ya bandia, ya bati au risasi, ilisema "ko", basi. Halafu aliisugua kwa majivu ya maganda ya ndizi na maji kidogo: fedha ilizidi kuwa nyeupe, uongo ulitoa rangi yake. Akanifundisha na kupapasa ukingo, maana ya bandia mistari yake huwa imefifia.

Nilipofika miaka tisa nilikuwa nasifika. Wenzangu wakipiga mpira wa majani ya migomba, mimi wazee walinijia na rupia zao za mahari nizisikilize kwanza, kisha wakanilipa senene wa kukaanga. Sikuwahi kukosea.

Mwaka huo nilikuwa nimemaliza darasa la pili katika shule ya kanisa ya kijijini, na baba akaamua niende shule ya bweni Bukoba. Kahawa ya msimu ndiyo ingelipa: kwanza kodi, kinachobaki ada na nguo zangu. Akaja mnunuzi kutoka Nyanga, Ta Kaizirege, yaani Bwana Kaizirege, mtu wa mwavuli na maneno mengi. Baba alimpa kahawa ya kutafuna, kama ilivyo desturi, wakapatana mzigo wote kwa shilingi thelathini na mbili. Mgeni akazimwaga mkekani. Zilikuwa zimeshapita mikono mingi, lakini kwetu zilikuwa ngeni. Upande mmoja, simba.

"Mutalemwa," baba akaniita, "zisikilize."

Nikagonga ya kwanza. Kavu. Ya pili, kavu vilevile. Nikachukua majivu nikaisugua mpaka kidole kikauma, na pale mgongoni mwa simba ikatokea rangi ya shaba.

"Bandia," nikasema. "Zote."

Majirani waliokuja kutazama wakalipuka. "Ta Kaizirege, simba wako ana homa!" mmoja akapiga kelele. "Mpeleke kwa mganga!"

Kaizirege hakucheka. "Waitu, mzee wangu," akamwambia baba, "hizi zimetoka bomani. Huyu mtoto anajua fedha kuliko serikali?"

"Mwanangu hajakosea hata siku moja."

Mgeni akaziokota moja moja, akafungua mwavuli, akaenda zake. Kila alipopita akasema nyumba yetu imemwita mwizi, na msimu ule hakuna mnunuzi mwingine aliyekanyaga uani kwetu. Masika yakaanza. Magunia yakashika ukungu.

Baba alikwenda Bukoba kuomba asubiriwe kodi. Huko akamwona karani anapokea shilingi zilezile za simba, kapu zima, bila kugonga hata moja. Akauliza, akaambiwa. Shilingi ile ilikuwa na fedha robo tu, iliyobaki karibu yote ni shaba. Kwa hiyo sikio langu lilisikia sawasawa. Ila aliyechanganya ni Mwingereza mwenyewe, na akichanganya yeye, si bandia.

Baba akapitia Nyanga kuomba radhi. "Leo mtaalamu wako hukuja naye?" Kaizirege akamuuliza, kisha akataja bei ya kahawa ya ukungu: shilingi kumi na tisa na senti hamsini. Baba akazipokea bila kuzigonga. Zilitosha kodi, chumvi na deni la jirani.

Hakunipiga. Aliniambia tu, "Kesho utanifuata shambani." Bibi ndiye aliyenitetea: "Mimi nilimfundisha rupia. Mwingereza sikumfundisha."

Sikulia, na sijutii. Nilianza kwa kubeba chumvi kichwani. Leo nina malori mawili, na karani wangu wa darasa la nane ananisomea barua. Kijana mzuri, ila hupokea pesa macho yakiwa barabarani, kwa wasichana. Simlaumu sana. Shilingi za siku hizi hazina fedha hata chembe, asikilize nini? Sisi tulijua sauti ya kitu tulichoshika. Wao wanajua kusoma kilichoandikwa juu yake. Nikipita mbele ya shule ile ya Bukoba, watoto wakiimba hesabu zao madirishani, huwa nawahi kupiga yangu kabla hawajamaliza: thelathini na mbili, ukitoa kumi na tisa na nusu. Shule ilinipita kwa shilingi kumi na mbili na senti hamsini.