Siku Niliyosiriba Boti

Kwa miaka mitatu mume wangu alijenga boti, na kwa miaka mitatu mimi niliichukia. Aliiunda kwa faibaglasi kwenye uwanja wa klabu ya boti kando ya ziwa, chini ya maghorofa yetu ya Vårby gård huku Uswidi, na kila jioni alirudi nyumbani akinuka rangi ya kucha. Watoto waliiita badkaret, beseni la kuogea, tena mbele yake.

Mwisho nikamwambia wazi: Jumamosi hii kreni ya klabu inashusha boti majini. Yako isiposhuka, iende jalalani. Akaapa itashuka. Kilichobaki kilikuwa tabaka la mwisho la rangi tu, lile jeupe la juu, na alitaka liwe laini kama sahani, maana wanaume wa klabu walishaanza kumcheka chinichini. Mwanaume yule kuchekwa hakuwezi.

Jumanne, siku pekee ambayo redio iliahidi jua, akaitwa kazini. Dereva mwenzake wa treni alikuwa ameugua. Basi akaniachia makopo mawili, rola, na karatasi yenye maagizo kumi na mawili, utadhani ananiachia mtoto mchanga.

"Mama watoto, tafadhali, laini," alisema.

Nikamwambia aende zake.

Maagizo manne ya kwanza niliyafuata vizuri. Nilitia dawa ya kugandisha, nikakoroga, nikaanza kuviringisha rola juu ya boti iliyolala kifudifudi. Dakika chache tu, rola ikaanza kumeguka. Ilikuwa ya sponji, na rangi ile inakula sponji. Hilo halikuandikwa popote. Vipande vikanasa ubavuni mwa boti kama makapi kwenye uji. Na dawa ikishachanganywa haimsubiri mtu, robo saa tu inakuwa jiwe.

Nilikasirika, si utani. Nikamwona akilini mume wangu akiniomba mwaka wa nne. Thubutu. Nikatoa glavu ninazotumia kazini kwenye nyumba ya wazee, nikavaa jozi mbili, nikaokota vipande kimoja kimoja, halafu nikachota rangi kwa kiganja, nikikoroga nyingine kila ilipokwisha. Mimi nimesiriba nyumba za udongo tangu nina miaka tisa. Nani wa kunifundisha kupaka? Mikono ikajiendea yenyewe, upinde juu ya upinde, nikirudi nyuma hatua kwa hatua, nimeinama, makalio juu, najiimbia. Mzee mmoja Mswidi wa boti ya jirani alisimama akatazama. Akasema "jaha", neno wanalotumia wakiona jambo wasilotaka kulijadili, kisha akaenda kunywa kahawa yake mbali kidogo.

Nilipomaliza nikasogea nyuma kuangalia. Ilikuwa nzuri. Laini haikuwa. Kutoka tezi hadi omo boti nzima ilikuwa imejaa pinde za viganja vyangu, safu kwa safu, na ilikuwa imeshagandamana.

Alikuja jioni akiwa bado na sare. Nilikuwa nimeshaandaa maneno yangu: rola yako, sponji yako, maagizo yako mabovu. Alizunguka boti mara mbili. Msasa alikuwa nao mkononi, na siku tatu zilimtosha kusugua yote mpaka apate sahani yake. Nikangoja anigombeze ili na mimi nipate kujibu.

Akaweka kiganja kwenye upinde mmoja, akaufuata taratibu hadi mwisho. Akafuata wa pili, na wa tatu.

"Umeanzia kulia," akasema. "Mama alikuwa anaanzia kushoto."

Mama yake alizikwa Uganda yeye akiwa huku, mkimbizi asiyeweza kurudi. Tangu nimjue, hakuwahi kumtaja. Nikabaki nimeshika glavu zangu chafu kama mjinga.

Akanipa msasa nikautupe.

"Atakayeigusa hii kabla ya Jumamosi," akasema, "nitamtosa ziwani."