Mvukuto Uliokuwa Ukicheza Bure

Siku yangu ya kwanza kazini Lilongwe nilivaa suti na tai. Wenzangu walicheka, kwa kuwa kwenye chumba cha upasuaji unavua nguo zako mlangoni na kuvaa za kazi. Lakini sisi watu wa Bukavu hatuanzi kazi kama tunaokwenda shamba. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilipewa siku ile ile.

Nilikuwa mtaalamu wa usingizi. Daktari anapasua, mimi nalinda pumzi. Vijana wa leo mna skrini za rangi. Sisi tulizungusha vitufe vitatu: kiasi cha hewa kwa kila pumzi, pumzi ngapi kwa dakika, na kikomo cha nguvu ya msukumo, ili mapafu yasiumie. Hewa ilisukumwa na mvukuto wa mpira ndani ya chupa ya kioo.

Mashine ya Bukavu mvukuto wake ulisimama wima kutoka chini. Bomba likichomoka, unaanguka na kulala chini, hata kipofu angejua. Ule wa Lilongwe ulining'inia kutoka juu, na uzito wake wenyewe uliushusha. Bomba likichomoka, huo unaendelea kupanda na kushuka, unavuta hewa ya chumbani. Nilielezwa hayo asubuhi. Niliitikia kwa kichwa, kwa kiburi cha mtu aliyesoma.

Wiki ile aliletwa Mama Furaha, mshonaji wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, mzaliwa wa Fizi, kwetu Kongo, kutolewa uvimbe tumboni. Nilimlaza, nikakaa kuutazama mvukuto wangu. King'ora cha mashine kilikuwa kibovu. Mkuu wetu, mama wa Kimalawi aliyesomea Tanzania, akapita nyuma yangu.

"Unaangalia nini?"

"Mvukuto, Mama. Unacheza vizuri."

"Na kifua chake?"

Niliinua shuka. Kifua kilikuwa kimetulia kabisa. Bomba lilikuwa limechomoka chini ya vitambaa, na oksijeni ya damu ilikuwa inashuka, midomo imeanza kuwa ya buluu. Nililirudisha, nikashika mfuko wa hewa wa kubana kwa mkono, nikabana, nikabana. Nilikuwa nalia bila aibu. Kifua kikapanda, midomo ikarudi rangi yake.

Mkuu hakunifukuza. Aliniambia tu, "Akiamka, utamweleza mwenyewe."

Kesho yake nilisimama kando ya kitanda, nikamweleza yote.

"Mi sikujua kitu, Papa. Mbona unanambia?"

"Kwa sababu pumzi ilikuwa yako, Mama."

Akageukia ukutani. Sikumlaumu. Niliondoka nikijua nimempoteza mtu wa kwetu.

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo, Lilongwe, Mponela, na Lilongwe tena. Nimetumia mashine zinazojipima zenyewe kabla ya kazi na kupiga kelele hewa ikivuja hata kidogo. Nazipenda, wala sitamani za zamani. Nanyi msione aibu kuzitegemea.

Wiki yangu ya mwisho kabla ya kustaafu, mwanamke mwenye mvi aliingia akimshika mkono binti aliyekomaa mwenye tezi shingoni. Daktari kijana alitaka kumpokea. Yule mama akamsogeza pembeni, akanijia mimi.

"Badokta beko bengi hapa. Lakini Furaha utamulalisha we, Papa. We njo mutu ulinambiaka kweli."

Nilimlaza Furaha, nikahesabu pumzi zake moja moja, mpaka alipofumbua macho na kuuliza kama mama yake amekula.