Kope Ikawa Kobe

Nakumbuka alasiri ya arusi ya dada yangu Zuhura, niliyoharibu kwa herufi moja. Niliigeuza katika wimbo, kwa makusudi, nikijua ninalofanya, ili tu niwachekeshe wenzangu wawili. Mwanangu, vumilia nikuite hivyo. Nina miaka kumi na sita na bado nachapwa kwa hesabu, lakini wazee wa mtaa wetu wa Kibokoni wakianza nasaha hawamalizi, nami nimeona heri nianze mapema.

Chama chetu cha taarabu unakijua: fidla nne, udi, ganuni, akodioni na ngoma. Mkuu wake, Mzee Swaleh, mchana hushona kanzu. Mpiga udi ni karani wa bandarini. Ukiwakuta sokoni wanabishana bei ya vitunguu huwezi kudhani ni watu wa maana. Lakini hakuna arusi bila wao, iwe kwetu au Majengo, na paa la madrasa yetu lilipovuja, ni wao waliopiga muziki mpaka likaezekwa upya. Tena husema ya watu. Mama asiyeweza kumwambia mkwewe neno usoni hutunga beti akazipeleka chamani, na siku ya arusi hutangazwa kwamba wimbo huu ni wa fulani. Kuanzia hapo kila neno ni lake. Ndiyo maana watu wazima wa mji huu husikiliza nyimbo kama mawakili. Yachosha, nakwambia.

Basi mama alimtungia Bi Rukia, mamake bwana arusi, beti za kumkaribisha. Mstari wa kwanza ulikuwa "Karibu kope ya jicho." Mama huandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mwandiko wa kizamani, ambao "p" na "b" zote hutiwa nukta moja, msomaji akatambua kwa maana. Mwimbaji wa chama ni kijana wa skuli, herufi hizo hazijui. Nikapewa mimi ninakili kwa herufi za Kizungu. Nikaandika "kobe."

Sasa Bi Rukia ana goti bovu. Siku ile alitoka kwenye gari mpaka kwenye kiti chake kwa muda ambao chama kilimaliza wimbo mzima. Goti hilo nalo nililijua tangu zamani, usinitetee.

Wanawake walikuwa ndani ya turubali, chama upande wa pili wa pazia, nasi wavulana nyuma ya chama. Wimbo ukatangazwa kwa jina la mama. Mwimbaji akaurudia mstari ule mara tatu, maana ndivyo wanavyoimba, na kila mara akalivuta lile neno kana kwamba analionja. Nikawageukia wenzangu niwaone wanavyocheka. Mmoja alikuwa anatazama viatu vyake. Mwingine alikwisha kuondoka.

Kutoka ndani tukasikia sauti ya Bi Rukia, ya taratibu kabisa.

"Kobe ashafika, akaribishwa. Sasa kobe yuwarudi kwao. Na bibi arusi na abaki kwa mamake mpaka nijue nimewakosea nini."

Dada yangu alikuwa amekwisha kupambwa, hina mikononi, apelekwe kwa mumewe kabla magharibi haijaingia. Nikamsikia analia.

Mzee Swaleh akaweka fidla chini. Akasema neno lililoimbwa halifutwi kwa kuombewa radhi chinichini, hufutwa kwa kuimbwa tena lilivyo sawa, lakini kwanza ajulikane aliyelikosea. Akaikunjua karatasi niliyonakili. Mtaa mzima wajua mama haandiki herufi za Kizungu, na mtaa mzima wajua ni nani amwandikiaye. Nikaulizwa. Nikasema ni ile nukta. Mama ametia moja, nami nimesoma nilichokiona.

Mzee Swaleh aliniwekea ukucha wake juu ya mstari wa pili, mahali nilipoandika "pambo la nyumba," kwa "p" safi kabisa, niliyoisoma kwa nukta moja ile ile. Alikuwa anafungua mdomo aseme, mama akamtangulia kutoka nyuma ya pazia.

"Ni kweli, Mzee Swaleh. Kosa ni la mwandiko wangu. Bi Rukia, mwenzangu, nisamehe, mimi si mjuzi wa kuandika."

Mama, ambaye nusu ya wanawake wa Kibokoni huja kuandikiwa barua naye.

Wimbo ukaimbwa upya, "kope" mara sita kwa hesabu yangu, na Bi Rukia akaketi. Zuhura akapelekwa kwa mumewe. Wageni walikula, wakatoka wakiambizana masikini yule mama, kumbe hajui kuandika.

Nasaha yangu basi, na sina nyingine: ukipewa neno la mtu ulipeleke, lipeleke kama ulivyopewa. Ukilichezea, atakayeulizwa ni mwenyewe. Na ukiulizwa wewe, sema ni mimi, hapo hapo, kabla hajatokea anayekupenda akakutangulia.

Nilipoingia jikoni mama alikuwa anasugua sufuria, hakugeuka. Alisema hivi, sijaongeza wala sijapunguza:

"Leo nimejifanya mjinga mbele ya watu ili dadako aolewe. Kesho asubuhi utakwenda kwa Bi Rukia, umwambie kwa mdomo wako kwamba mamako ajua kuandika. Kisha urudi, nimekuwekea wali. Na Mungu akupe haya, mwanangu, akupe nyingi, maana mimi zangu leo nimezimaliza kwako."