Kibao Shingoni

Ko. Ko. Ko. Kipande cha mbao kikigonga kifungo cha shati kila mtoto anapopiga hatua. Ni sauti ndogo, haimwamshi hata paka. Lakini miaka arobaini na moja imepita na mwalimu wa Kihispania bado anaisikia.

Wakati huo alikuwa na miaka kumi na moja, kiranja wa shule ya msingi, soksi zimevutwa mpaka magotini. Kazi yake ilikuwa kulinda lugha ya shule. Mtoto aliyeteleza akasema neno la lugha ya nyumbani alivalishwa kibao shingoni, akakaa nacho mpaka amnase mwenzake naye ameteleza. Aliyekutwa nacho na kengele ya jioni alichapwa mbele ya wote. Kiranja huyu alikuwa hodari. Walimu walimsifu kwamba ana masikio ya popo, naye sifa hizo akazibeba nyumbani kama zawadi.

Siku moja mdogo wake, msichana wa miaka saba, alianguka kwenye ngazi za choo cha shule, goti likapasuka. Alinyoosha mkono, akamlilia dada yake kwa lugha ya mama yao: "Nishike!" Walimu wawili walikuwa wamesimama pale pale. Kiranja aliwatazama walimu, akautazama ule mkono. Kisha akatoa kibao mfukoni, akamvalisha.

Mtoto alishinda nacho akichechemea, ko, ko, bila kumnasa mtu. Hakujaribu hata kidogo. Jioni akachapwa.

Tangu siku hiyo mdogo mtu hakumsemesha tena dada yake kwa lugha ya nyumbani. Hakumnunia, hakukataa kula naye. Alimjibu tu kwa lugha ya shule, kwa adabu zote, kama mtu anayemjibu karani dirishani. Alikua, akawa fundi cherehani wa sare za shule, na kwa majirani, wateja na binti yake alikuwa akimwaga lugha ya nyumbani kama maji. Dada akitokea mlangoni, maneno yanafunikwa haraka, kama chungu mgeni asiyetarajiwa anapobisha.

Wazazi walipofariki, mwalimu hakubaki na wa kuongea naye lugha hiyo nyumbani. Lugha ikamkauka mdomoni. Yakabaki maneno machache: njaa, usingizi, mvua, na matusi mawili ya bibi yake.

Badala yake alijijaza lugha za wengine. Alisoma Kihispania chuoni miaka minne, akafasiri barua katika kampuni ya mizigo, mwishowe akarudi kufundisha. Mwaka huu alimwomba mkuu wa sekondari ruhusa ya kuanzisha darasa la Kihispania.

"Kihispania cha nini, Mwalimu?" mkuu alicheka. "Hapa Mhispania yuko wapi? Au wewe umemficha?"

"Nikimficha, Mkuu, wewe utamwamkiaje siku akitoka?"

Akapewa maabara ya biolojia, saa moja baada ya chakula cha mchana, na wanafunzi kumi na watatu. Mmoja wao alikuwa binti wa fundi, ambaye shule nzima ilimwita Redio, kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Nyumbani alimwita mwalimu mama mkubwa. Darasani, kama wenzake wote, alimwita Senyora, yaani Bi kwa Kihispania.

Kwenye kikao cha wazazi mwalimu alisimama akaeleza faida ya lugha mbili. Mtoto anayetoka lugha moja kwenda nyingine, alisema, anazoea kulitazama jambo kutoka pande mbili. Wala lugha ya nyumbani si mzigo, ndiyo mguu anaosimamia anaponyanyua ule mwingine. Alisema vizuri. Mstari wa tatu alikaa fundi, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni, akimtazama bila kupepesa. Wenzake walipopiga makofi naye alipiga. Mara tatu, akaacha.

Wiki za mwanzo zilikuwa tamu. Walipofika kwenye neno *mesa*, Redio alipiga kiganja juu ya dawati. "Kumbe ni meza hii hii! Senyora, nipe cheti changu niende zangu!"

Wiki ya tatu mwalimu aliona wanachanganya mno. "Humu ndani," alisema akitabasamu, "Kihispania tu."

Kesho yake Redio alikuja na kibao. Kipande cha mbao laini, kimetobolewa, kina kamba ya bluu. "Senyora, dawa yao hii hapa! Anayeteleza anavaa!" Darasa likashangilia. Na mwalimu, hili ndilo linalomchoma mpaka leo, alicheka pamoja nao, akatikisa kichwa kukubali.

Haikuchukua muda. Kijana mmoja mpole wa dawati la nyuma aliangusha kalamu zake, akanong'ona kitu kwa lugha ya kwao. Wakamvika kibao kwa vicheko. Zamu yake ya kuandika tarehe ubaoni ilipofika, aliinuka akaja mbele, macho sakafuni.

Ko. Ko. Ko.

"Kivue," mwalimu alisema. Kihispania chote kilikuwa kimemtoka.

"Lakini Senyora, ni mchezo tu," Redio alisema.

"Kivue, nimesema." Alikipokea, akakifunga ndani ya kiganja. "Kamba hii umeitoa wapi?"

"Kwa mama. Aliniuliza ya nini, nikamwambia. Akakata, akaiunguza ncha isifumuke."

Kengele ilipolia mwalimu alikwenda moja kwa moja kwa mdogo wake, kwenye chumba kilicho nyuma ya duka la madaftari. Fundi alikuwa akipinda sketi, mguu kwenye pedeli.

"Karibu, dada. Sogeza hizo nguo ukae."

Hakukaa. Alikiweka kibao juu ya meza ya cherehani.

Fundi alikitupia jicho, akaendelea kushona. "Nilijua kitarudi."

"Ulijua ni cha nini, na kamba ukakata?"

"Nilitaka nione kama utamvalisha mtu."

Angeweza kusema ni watoto waliokivisha. Angeweza kusema ulikuwa mchezo, kwamba hakuwaza. Visingizio vilipanga foleni mdomoni.

"Niliruhusu," alisema. "Kijana mmoja. Kama dakika tatu."

"Nani aliyekivua?"

"Mimi."

Fundi alikata uzi kwa meno. "Huyo ana bahati. Mimi nilingoja mpaka kengele."

Ilikuwa mara ya kwanza kuitaja siku ile. Sindano iliendelea kupanda na kushuka. Mwalimu alitafuta neno la kuomba radhi. Alikuwa nalo la Kihispania, alikuwa nalo la shule; yote mawili aliyaona kama nguo za kuazima. La nyumbani hakuwa nalo, na mtu pekee pale wa kumuuliza alikuwa huyu. Neno alilobaki nalo zima, na sauti yake na kilio chake, lilikuwa moja tu.

Akanyoosha mkono juu ya sketi, na kwa lugha ya mama yao, kwa sauti ndogo kiasi cha kumezwa na pedeli, akasema:

"Nishike."