Nilimheshimu Mzee Sefu mpaka nikashindwa kuuona ugonjwa wake

Wakuu, poleni na mihangaiko. Hili sijasimuliwa, limenikuta mwenyewe, na aibu yake ni yangu.

Mimi ni tabibu hapa Kasulu mjini, ajira ilinileta toka Mbeya. Mzee Sefu ana duka la vitenge jirani na kituo chetu. Familia yao yote natibu mimi.

Sasa mzee kama yule hapangi foleni. Akiumwa ananiita, namfuata dukani, namkuta kwenye kiti chake, kahawa inaletwa. Nilijiona nina adabu kweli kweli.

Mwaka mzima alilalamikia bega la kulia na mkono kutetemeka. Nikawa nampa dawa za maumivu na kumwambia:

"Ni uzee tu, mzee wangu."

Huku biashara inadorora. Kina mama wateja toka kijiji cha Makere wanamsalimia kwa Kiha, "Mwakeye", kwa bashasha, yeye anawatazama tu, uso mkavu. Wakasema anaringa, wakahamia duka la pili. Binti yake, Mwanaidi, akaanza kuwaza kulifunga.

Kituoni kila Alhamisi tuna CME, tunafundishana kabla ya kuona wagonjwa. Nakiri, wengi tunafuata chapati. Alhamisi moja daktari mgeni akafundisha Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaokakamaza mwili taratibu.

"Uso haucheki, mkono mmoja haupungi, hatua fupi fupi. Mtazameni mgonjwa tangu anapoingia mlangoni."

Nikaiweka chapati chini. Mzee Sefu sijawahi kumuona akitembea!

Nikaenda dukani, nikamwomba anisindikize hadi msikitini. Anaburuza miguu, mkono wa kulia umening'inia tu. Nikamwambia ukweli, kwamba nilikosea: si uzee, huenda ni Parkinson, na ndiyo inayomkausha uso.

Akasema, "Mimi nilidhani nimekuwa mtu mbaya, daktari. Watu wananikimbia."

Iliniuma sana hiyo.

Nikampa rufaa, daktari bingwa akathibitisha, mzee akaanzishiwa vidonge. Ugonjwa hauponi, ila vitenge anapima tena mwenyewe. Mwanaidi kawaeleza kina mama kwamba baba hajanuna, anaumwa. Wamerudi, na salamu zao.

Siku hizi anakuja kituoni na foleni anapanga. Akiitwa, nasimama mlangoni namtazama. Juzi akalalamika, "Daktari, heshima imeisha?"

"Imeisha, mzee. Tembea."

Akacheka. Kidogo tu, lakini alicheka, wakuu.

Nilichojifunza: kupata cheti si kumaliza kusoma, na kwenye CME sasa nakaa mbele. Chapati baadaye.

Haya, tiririkeni. Wewe daktari wako alishawahi kukuona ukitembea?