Jina la Koko na Tansio Yake

Nina jina la koko, mama yake baba, na kwetu mjini Baraka jina haliji peke yake. Tangu nizaliwe baba ananiita "mama", na koko mwenyewe ananiita "majina", yaani mwenye jina kama lake. Nilipenda sana. Ila nilipofika miaka kumi na nne, kichwa kikawa kinaniuma kila asubuhi na maandishi ya ubaoni yakaingia ukungu, nyumba nzima ikacheka.

"Koko yetu anaanza tansio!" shangazi alisema huku akipaa samaki. "Jina imemuletea na ugonjwa."

Koko mwenyewe ana tansio kweli, yaani presha ya damu. Muuguzi huwapima wazee kanisani baada ya misa. Nilimsindikiza, nikakaa nyuma yake kwenye benchi, na alipomaliza nikatoa mkono wangu.

"Mama, uko na bajukulu ngapi?" muuguzi aliniuliza. "Hii mashini ni ya bazee."

Benchi zima likaangua kicheko, koko naye ndani. Hasira ile ninayo mpaka leo. Mashini ilikuwa pale mezani, na mtu anapimwa upesi kuliko wao walivyocheka. Wangenikatalia kwa ubaya ningejua la kusema, lakini utani utaushitaki wapi?

Nyumbani waliamua nimepungukiwa na damu. Wakaninywesha mchuzi wa samaki wa chumvi kila jioni, wakisimama juu yangu mpaka bakuli liishe. Chumvi! Kwa upendo wote!

Mwaka ukapita hivyo, hadi nilipoanguka darasani. Hospitalini daktari alinifunga mashini mkononi, akarudia, akachungulia macho yangu, akapima mkojo.

"Papa, tansio ya huyu mutoto iko juu tangu zamani," alimwambia baba. "Moyo imeshanenepa, na mafigo inaanza kuharibika."

Baba akauliza kama hakukosea mgonjwa.

Sasa mimi na koko tunameza vidonge pamoja asubuhi, kabla ya chai. Daktari anasema moyo wa koko ni wa kawaida kwa mzee. Wangu, anasema, umechoka kama wa koko.

Jumapili iliyopita, kanisani, muuguzi alimwita koko kwanza, kama desturi. Koko akaficha mkono ndani ya kitenge.

"Muanze na majina yangu," akasema.

Nikanyoosha wangu. Benchi lilikaa kimya, na mimi nikatamani kimya kile wangenipa siku ile ya kwanza.