Namba Iliyomkataa Riziki

Kila ninaponusa ukuta wa chokaa ulionyeshewa na mvua, narudi uani kwetu Alunguli, ng'ambo ya mto kutoka stesheni ya Kindu. Ilikuwa miaka ya Zaire, tulipoimba kukisifu chama kila asubuhi shuleni kabla ya kushika chaki. Lakini hesabu niliyoipenda haikuwa ya shule. Ilikuwa ya Shangazi Mwamini, dada mdogo wa baba, mwalimu mwenye utani usiokwisha, aliyeandika ukutani kwa kipande cha mkaa: 2520. Mvua ikiifuta, aliiandika upya, na mama akanung'unika kuhusu chokaa yake.

Tulikuwa watoto kumi nyumbani mle, wa baba na wa ndugu zake, kila mmoja na namba yake kwa kufuata umri. Mimi nilikuwa wa saba. Alasiri tukibambua karanga, Shangazi alitutaka tuigawanye ile 2520 kwa namba zetu: kwa mbili, kwa tano, kwa nane. Haikubaki hata punje. Mimi nilipata 360, nikavimba kichwa siku nzima. Shangazi alituambia hakuna namba ndogo kuliko hiyo inayowakubali wote kuanzia moja hadi kumi, nasi tukajiona tumezaliwa kwa mpango maalumu. Jamani, raha iliyoje!

Ndipo akaja Riziki kutoka Kampene, binti wa mama mdogo aliyekuwa amefariki. Alikuja na kifurushi cha nguo, akakataa kukifungua. Alikula kidogo, pembeni, kama anayesubiri gari. Mama alimbembeleza kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone, kisha akaenda kulia jikoni, akihofu mtoto wa dada yake atatoroka arudi kule kusiko na mtu.

Alasiri moja Riziki aliokota mkaa bila kuombwa, akaigawanya 2520 kwa kumi na moja, namba yake yeye aliyeingia mwisho. Akapata 229, ikabaki moja. Kaka yangu mkubwa, ambaye mdomo wake haukuwa na breki, akasema mbona hata kumi na mbili inaingia, kumi na moja tu ndiyo inayokataliwa. Ilikuwa kweli, na ndiyo maana iliuma. Riziki aliitazama ile moja iliyosalia.

"Huyu mumoja mwenye kubakia njo miye," alisema taratibu.

Nilimwonea huruma. Shangazi, kwa mara ya kwanza, hakutania. Alichuchumaa karibu naye.

"Hapana, mutoto wangu. Namba njo iko kidogo. Tutaikuza."

Akaizidisha kwa kumi na moja, akaifuta ya zamani kwa kiganja, akaandika 27720. Alituita mmoja mmoja tuijaribu. Hakuna aliyepoteza nafasi, na mafungu yetu yote yalikua. Langu likawa 3960. Riziki alipogawanya alipata 2520, ile namba yetu nzima, ikawa fungu lake. Jioni hiyo kifurushi kilifunguliwa, na nguo zake zikaanikwa kwenye kamba pamoja na zetu.

Leo ukuta ule umebomoka, na wanangu hugawanya kwa simu bila kuchafua vidole. Sisi kumi tumetawanyika. Aliyebaki Alunguli ni Riziki, na nyumba yake imejaa watoto wasio na kwao. Juzi alinipigia simu: amefika wa kumi na tatu, analala na viatu miguuni. Nikakumbuka kwamba 27720 haimpokei wa kumi na tatu, nikamwambia.

Riziki akacheka. Alikuwa ameshazidisha kwa kumi na tatu, ameshaandika ukutani kwake: 360360.

"Wa kumi na ine na wa kumi na tano wakuye tu," akasema. "Nafasi iko."